Ndugu wa Kuingia Naye Kwenye Kota

Nyumba ya mwanangu ikishapita saa ya chai ya asubuhi hunyamaza kama mtu aliyekata kauli. Mwanangu, fundi wa maabara pale chuo kikuu, hutoka wa kwanza, bado anatafuna. Mkwe wangu wa benki hufuata, viatu vyake vinagonga ngazi mpaka chini. Wa mwisho ni mjukuu wangu, anayesoma chuo hicho hicho. Yeye mara nyingine hurudi kuchukua simu aliyoisahau, nami nafurahi, maana nimepata kumuaga mara mbili. Baada ya hapo nabaki mimi na friji. Likinguruma, naligeukia kama mtu aliyeitwa.

Ndiyo nikaanza kutembea. Mji huu wa chuo una mambo mengi ya kale ya kutazama, na wazee hatuulizwi tiketi. Idara ya mawe ina chumba kizima cha mawe, kila jiwe limelazwa kwenye pamba kama mtoto mchanga. Kuna jumba la ndege waliokaushwa, wana macho ya kioo, wanakutazama ila hawakuoni. Nikasema moyoni, hawa mbona nimeshawahi kukaa nao. Kwenye makumbusho ya tiba niliona kitoto ndani ya chupa, nikatoka nimejiziba mdomo kwa upindo wa nguo. Kule sijarudi.

Lakini makumbusho makubwa, yale yenye ngazi pana, yana kitu uani. Wamehifadhi kota moja, nyumba ya wafanyakazi wa reli. Hawakuijenga wao, waliikuta pale reli ilipohamishwa, wakaiacha na vyombo vyake ndani. Sasa, kota za reli zilijengwa kwa ramani moja: chumba cha mbele, chumba cha kulala, jiko nyuma. Ukiijua moja umezijua zote. Mimi nimeishi kwenye kota kama ile, katika mji mwingine kabisa, tangu nilipoolewa mpaka nilipomzika mume wangu, aliyekuwa akishika bendera na taa za kuruhusu treni. Siku ya kwanza nilipoingia, mguu wangu ulipanda kizingiti wenyewe, bila mimi kutazama chini.

Basi ikawa ndiyo safari yangu. Mlinzi wa pale wanamwita Funguo, kwa sababu husikika kabla hajaonekana.

"Bibi, umekuja tena? Hao watu wa zamani wanakulipa mshahara?"

"Wananilipa kwa kunyamaza. Wewe unalipwa na bado unasema."

Wenye kuishi kota wanajua: treni ikipita, mlango unatikisika mpaka unafunguka wenyewe. Kwa hiyo mtu akiingia, kabla hajatua alichobeba, anavuta komeo. Hilo halifundishwi, mkono unajua. Siku moja jua lilikuwa kali na nilikuwa nimetembea sana. Nikaingia, nikavuta komeo, nikakaa ukingoni mwa kitanda nipumzishe magoti. Magoti yakapumzika, na mimi nikapumzika nayo.

Kuzinduka, nasikia mlango unagongwa.

"Nani?" nikauliza. "Ngoja kwanza, najifunga nguo!"

Nje kicheko kikalipuka. Lilikuwa darasa zima la wanafunzi na mwalimu wao, wamekuja kuona jinsi watu wa reli walivyoishi. Waliniona nikitoka na alama za shuka shavuni.

Msimamizi, binti mwenye miwani, hakunifokea. "Bibi, kitanda kile kina umri mkubwa kuliko mimi. Kikivunjika je?"

"Hata mimi nina umri mkubwa kuliko wewe, mbona mimi huniogopei?"

Akacheka, lakini sheria haikucheka naye. Kuanzia siku hiyo kwenye kota nisiingie peke yangu. Nije na ndugu. Vyumba vingine nitembee nipendavyo.

Ndugu. Ninao watatu chini ya paa moja. Nikaona jambo dogo hilo.

Tulipokuwa tunakula nikaanza na mjukuu. "Mke mwenzangu, twende nikakuonyeshe nilivyoishi na mume wetu."

"Bibi, nina mitihani. Halafu huyo mume wetu aliniachia nini mimi?"

"Alikuachia hiyo pua."

Wakacheka wote. Kicheko kilipoisha, akarudisha nyaya zake masikioni.

Mkwe wangu akasema, "Mama, lakini hapa hukosi kitu. Televisheni ipo, kila kitu kipo. Watu watasema humu ndani tunakutesa." Hakusema kwa ubaya. Nikamjibu, "Sijakosa kitu, mwanangu."

Mwanangu akasema, "Jumamosi, mama. Jumamosi nitakupeleka mwenyewe."

Jumamosi mashine ya baridi ya maabara ikaharibika. Iliyofuata alifiwa mwenzake wa kazini. Iliyofuata alilala mpaka jua likawa utosini. Nilisukuma mlango kidogo, nikaona nyayo zake zimetokeza nje ya shuka, nikaurudisha polepole.

Nami sikuacha kwenda. Nilikuwa nasimama uani, nachungulia kota dirishani. Ndani kuna giza, na kioo ukikitazama sana unajiona mwenyewe.

Siku moja katikati ya wiki Funguo akanikuta pale pale.

"Bibi, huyo mwanao anafanya kazi wapi kwani?"

"Maabara. Hapo ng'ambo ya barabara."

"Ng'ambo hiyo? Hiyo ya kurusha jiwe?" Akanyoosha mkono. "Lete simu."

Akapiga. "Ndugu, mama yako yuko hapa makumbusho. Anakuhitaji." Akakata.

"Mbona umemwambia nusu?"

"Nimemwambia yote. Kuna uongo hapo?"

Mwanangu alikuja mbio na koti lake jeupe la kazi, glavu bado iko mkono mmoja. "Mama! Umeanguka? Panauma wapi?"

"Sijaanguka. Nataka kuingia pale."

Akatazama kota, akamtazama Funguo, akanitazama mimi. Uso ule naujua tangu ananyonya. Ni uso wa mtu anayetaka kugomba na anajizuia.

"Mama, nimeacha sampuli mezani. Zikipata joto, kazi ya watu imekwenda."

"Basi rudi."

"Nimeshafika," akasema kwa sauti ya chini. "Twende."

Akainama mlangoni, ingawa angepita bila kuinama. Tulimpeleka kwa dada yangu angali mdogo, akasomee kule, kwa hiyo kota yeye aliijua kwa likizo tu. Akazunguka, mikono nyuma, kama mgeni wa makumbusho.

"Kumbe padogo hivi."

"Tulikuwa tunatosha."

Nikangoja. Maneno yangu nilikuwa nimeyapanga tangu Jumamosi ile ya kwanza, sasa yote yakataka kutoka pamoja, kama watu wanaogombea mlango mmoja.

"Baba alikuwa anakaa wapi?" akauliza.

Nikakitazama kiti. Hakikuwa kiti chetu. Kilikuwa cha watu wengine, na meza ilikuwa ya watu wengine, hata alama ya moto wa sufuria mezani sikuichoma mimi.

"Alikuwa hakai," nikasema. "Akirudi anasimama hapo hapo uliposimama wewe, anavua kofia, ananiuliza, 'Enhe, leo umeongea na nani?' Alijua mchana wangu ulivyo mrefu."

Mwanangu akafungua mdomo. Simu yake ikaita. Hakuipokea. Ikakatika, ikaita tena.

"Pokea," nikasema.

Akasikiliza, akaiweka mfukoni. "Zimeanza kuyeyuka, mama. Inabidi..."

"Nenda."

"Jumamosi tutakuja, tutakaa sana. Utanieleza vizuri."

"Haya, baba."

Ndugu akitoka nami natoka, ndiyo sheria. Funguo alikuwa ameshika kufuli, anatazama pembeni. "Bibi, ningekuachia kidogo, ila yule msimamizi..."

"Funga. Usije ukaharibu kazi yako."

Nikasimama juu ya ngazi za mbele nimsindikize mwanangu kwa macho. Ilikuwa saa ya chakula, na wanafunzi wa udaktari walikuwa wanamiminika barabarani, nao wote na makoti yao meupe. Lake likaingia katikati yao. Sikulipoteza, nililifuata likivuka, likipita mbele ya duka la vitabu, yeye kainamisha kichwa vile anavyotembea akiwa na mawazo. Nikainua mkono mapema, nisije nikachelewa kama atageuka.

Akageuka. Alikuwa kijana wa watu, simjui. Akatazama nyuma yake kama kuna mwingine ninayempungia, hakumwona, naye kwa adabu akainua mkono akanipungia.