Zita Isiyo na Jina

Roswitha Heckel aliingia karakana ya Bwana Seidel, fundi wa ala za nyuzi pale Klingenthal, mji mdogo wa Ujerumani, amekumbatia mzigo uliofungwa kwa shuka. Ilikuwa zita ya marehemu mama yake, ala ya kulazwa mezani, jamaa ya kanuni ya taarabu. Shemeji yake alimwapia kwamba vitu vya kale siku hizi ni mali, na tangu hapo Roswitha alikwisha kuezeka paa jipya akilini.

Seidel alichungulia tunduni kwa tochi, akahesabu nyuzi, akakwaruza waridi la ubaoni kwa ukucha.

"Hili si la kuchorwa, mama, ni la kubandikwa. Zita hizi zilitengenezwa kwa maelfu humu bondeni kabla ya vita, wachuuzi wakazitembeza mlango kwa mlango. Hii haina hata jina la aliyeitengeneza. Yuro arobaini, na hapo nimekupendelea."

"Arobaini! Si hata bei ya ngazi ya kupandia paani kwangu?"

"Ngazi ya mtumba utapata."

Roswitha alicheka. Akaanza kuifunga zita kwa shuka lake.

"Mama yako aliipiga?"

"Kila Jumapili. Na noti za muziki hakuzijua hata moja."

"Hakuzihitaji." Seidel alitoa karatasi iliyokatwa mshazari, ya zile zilizouzwa pamoja na zita hizi, akaitelezesha chini ya nyuzi. Ilikuwa na vidoti vilivyounganishwa kwa mstari. "Fuata mstari. Penye kidoti, donoa uzi ulio juu yake. Ila huu umekatika, ngoja…"

Roswitha hakungoja. Vidole vyake, vilivyotengeneza lesi kiwandani Plauen kwa miaka thelathini, viliuchukua uzi mpya mezani na kuupachika mara moja. Seidel alipokwisha kulinganisha sauti, Roswitha akaanza kudonoa. Wimbo ulitoka ukichechemea, lakini ulikuwa ule ule wa mama. Machozi yakamtoka, hakuyafuta.

"Siuzi," akasema.

"Wala mimi sinunui," Seidel akajibu. "Nakuajiri. Ninazo ishirini kama hiyo stoo, na mikono yangu inatetemeka. Watu wanaziulizia, mimi sina wa kuzifunga nyuzi."

Kufikia Pasaka Roswitha alikuwa amefufua zita tisa. Sasa kila Jumatano alasiri wanawake wa mtaa hukaa naye kwenye ukumbi wa kanisa akiwafundisha, kila mmoja na zita yake ya bei ya kutupa. Wanakosea, wanacheka, wanarudia.

"Taratibu, Gerlinde!" Roswitha humkemea jirani yake. "Fuata mstari, hufukuzwi!"