Kiroboto na Ndege ya Kichwani

Simu ya mwalimu ilimkuta msusi kazini, mikono yote miwili imezama kichwani mwa mteja na kitana kimebanwa kwa meno. Akatema kitana, akaibana simu kati ya sikio na bega.

"Mama, mwanao ametoka darasani," mwalimu akasema.

"Ametokea wapi tena?"

"Dirishani. Aliona sisimizi wanapanda ukutani, akataka kujua wanahamia wapi. Mimi nilikuwa nafundisha kugawanya."

"Amepatikana?"

"Yeye amepatikana. Sisimizi nao wamepatikana, wamo ndani ya soksi yake. Kilichopotea ni kiatu."

Huyo ndiye Kiroboto, binti wa miaka tisa, mtoto pekee wa msusi. Jina alibandikwa na shangazi yake kabla hajaota meno, maana hata alipobebwa mgongoni alirukaruka mpaka aliyembeba akaonekana anacheza muziki. Hakuwa mkorofi. Alikuwa na roho nzuri, mdomo mwepesi, na akili isiyokaa mahali pamoja hata kwa muda wa kumeza mate. Ukimtuma chumvi atarudi na habari. Ukimwambia aoge, utamkuta bafuni amekaa kitako na nguo zake zote, anachunguza jinsi povu linavyopasuka.

Saluni nzima ilikuwa imesikia simu, kwa hiyo saluni nzima ikatoa ushauri. Mteja aliyekuwa chini ya mashine ya kukaushia nywele akapiga kelele kwamba mtoto anyimwe sukari. Watu walio chini ya mashine hiyo hudhani dunia yote ni kiziwi. Mwingine akasema ni macho, apimwe macho. Wa tatu akasema ni jina. "Mnamwita Kiroboto halafu mnashangaa akiruka?" Wifi wa msusi, dada wa mumewe, ambaye walishirikiana naye saluni na ndiye huyo huyo shangazi aliyetoa jina, akakohoa, akaanza kufagia mahali palipokwisha kufagiwa.

Baba mtoto alikuwa dereva wa lori, nyumbani akionekana kama mgeni. Alipopigiwa simu alitoa rai moja tu. "Mbona mimi pia nilikuwa hivyo hivyo?"

"Hilo ndilo linalonitia wasiwasi," mkewe akamjibu.

Basi msusi akampeleka mtoto hospitali. Daktari aliuliza maswali mengi, akaomba na maelezo ya mwalimu, mwishowe akasema mtoto ana tatizo la umakini. Si ujinga, si malezi mabaya, wala si mapepo. Dawa zipo, akasema, na zinawasaidia wengi, lakini kama mama angependa kuanza na njia zisizo za vidonge, kipo kituo cha mazoezi ya ubongo. "Ila msitegemee miujiza," akaongeza. Msusi aliyasikia vizuri sana yale ya mazoezi ya ubongo. La miujiza lilimpita kando ya sikio.

Kituo kilikuwa ghorofani, juu ya duka la matairi, kwa hiyo mtu alifika kwenye mazoezi ya utulivu akisindikizwa na mlio wa nati zinazofunguliwa. Wifi alikwenda nao. Alisema anamsindikiza mtoto. Ukweli ni kwamba alitaka kuiona mashine. Mtaalamu alikuwa kijana mrefu, mpole, anayeongea polepole kama mtu anayevuka sakafu iliyopigwa deki sasa hivi. Kiroboto akampachika jina papo hapo: Bwana Taratibu. Jina likamkaa.

"Hivi vifungo," Bwana Taratibu akaeleza, akiinua nyaya zenye vifungo vidogo nchani, "nitavibandika kichwani kwa dawa hii. Vinasikiliza umeme mdogo unaotoka kwenye ubongo. Havimpi umeme, vinasikiliza tu. Akituliza akili, ile ndege kwenye skrini inapaa. Akili ikihama, ndege inashuka."

"Itamponya?" msusi akauliza.

"Sijui, mama. Watafiti wenyewe bado wanabishana. Wapo watoto wanaofaidika, wapo ambao hatuoni tofauti. Tutajaribu, tutaangalia. Lakini hizi nywele itabidi zifumuliwe. Vifungo vinataka ngozi."

Msusi akaduwaa. Jumapili yote alikuwa amezisuka nywele zile huku akimfukuza mwenye kichwa: mstari mmoja sebuleni, mmoja jikoni, miwili uani, wa mwisho chini ya meza. Akaiangalia dawa ya kubandikia, nzito, nyeupe, kama dawa ya meno iliyokata tamaa. Hakuna msusi anayejiheshimu anayeweka kitu cha namna ile kwenye kichwa cha mtu. Hata hivyo akakaa, akafumua, akisonya kwa kila msuko, na wifi yake akamsaidia kusonya.

Siku hiyo ndege ya Kiroboto ilipaa kidogo, ikaanguka. Ikapaa tena, fundi wa matairi akaangusha jeki huko chini, ikaanguka vibaya zaidi. Walipomaliza, Kiroboto aliweza kueleza feni ya darini ina ufa wapi, nani amekwangua jina lake chini ya meza, na kwamba soksi za Bwana Taratibu hazifanani.

"Hebu na mie nijaribu," wifi akasema bila kuombwa. Akabandikwa vifungo. Ndege ikatulia chini kama kuku anayeatamia.

"Mashine mbovu hii," akatangaza.

"Unafikiria nini, shangazi?" Kiroboto akamwuliza.

"Nafikiria mashine mbovu."

Wakaendelea kwenda wiki baada ya wiki, na ghafla mambo yakageuka. Ndege ikaanza kupaa. Mwanzoni kidogo, halafu kwa kishindo; ikafika mahali Kiroboto akikaa tu, ndege inatoboa mawingu na haishuki mpaka muda unakwisha. Bwana Taratibu akaonyesha mchoro wenye mstari unaopanda kama ngazi. Alifurahi hadi akaanza kuongea haraka.

Msusi kichwa kikamvimba. Saluni ikageuka kituo cha matangazo. Kila aliyekaa kitini alisimuliwa ubongo wa Kiroboto tangu kuoshwa mpaka kukaushwa, na kwa kuwa mtu anayesukwa hana pa kukimbilia, wote walisikiliza. Kadiri alivyosimulia, ndege nayo ilizidi kukua. Wateja wa mwisho waliambiwa ina abiria.

Kwa hiyo mwalimu alipomwita shuleni, msusi alivaa gauni lake la sherehe. Wifi naye akajipaka rangi ya mdomo. Wakaketi kwenye viti vya wanafunzi, magoti karibu na masikio, wakisubiri pongezi.

"Sijaona mabadiliko," mwalimu akasema.

Alikuwa mtu wa makamo, mkweli na mchovu, chaki mpaka kwenye nyusi. "Kugawanya bado. Juzi amenipotezea ufunguo wa kabati, na sijui hata aliupata vipi. Jipya ni moja tu. Nikimwambia awe makini, anafanya hivi." Mwalimu akakaza taya, akatoa macho, mishipa ya shingo ikamsimama kama mtu anayetafuna nyama ya ng'ombe aliyekufa kwa uzee. "Anakaa hivyo mpaka nimpite. Sasa na wenzake wameiga. Jana safu nzima ya mbele ilikuwa inanitazama namna hiyo. Mama, niliogopa."

Njiani wifi alijifuta rangi ya mdomo kwa kiganja. Walipofika nyumbani, msusi akamkalisha binti yake.

"Kiroboto. Hilo taya unalikazia nini?"

"Ndiyo ninavyorusha ndege."

"Ndege unairusha kwa akili."

"Hapana, mama. Kwa akili ilikuwa haiendi." Alisema bila wasiwasi wowote, kama fundi anayemweleza mteja. "Kwanza nilijaribu vidole vya miguu, haikusikia. Nikajaribu ulimi. Nikajaribu kubana pumzi. Nyusi zinaipandisha kidogo halafu inaanguka. Masikio siwezi kuyachezesha, nilifanya mazoezi kitandani nikashindwa. Ndipo nikajaribu meno ya nyuma. Ukiyabana polepole, si kwa ghafla, inapaa yenyewe. Unaweza hata kufikiria mambo mengine."

"Mambo gani?"

"Yoyote."

Wifi akakimbilia uani, na kicheko chake kikasikika mpaka kwa majirani. Msusi hakucheka. Alikuwa anawapitisha akilini wateja wote aliowasimulia, na wengi walikuwa wamesukwa nywele ndogo ndogo, maana yake walikaa muda mrefu na walisikia kila kitu.

Zamu yao ya kituoni ilipofika, alipanda ngazi akiwa amefura.

"Mwanangu amekutapeli wewe," akamwambia Bwana Taratibu, "wewe ukanitapeli mimi, na mimi nimetapeli saluni nzima."

Bwana Taratibu akasikiliza kisa chote. Kisha akajibandika vifungo mwenyewe, akabana meno ya nyuma polepole, si kwa ghafla. Ndege ikaenda mawinguni.

"Misuli," akasema. "Misuli ya taya nayo ina umeme wake. Tunafundishwa kuichunga tangu mwanzo kabisa. Nikafurahia mchoro, nikaacha kumwangalia mtoto. Kosa ni langu, mama." Kisha mabega yakaanza kumtikisika, akawa anacheka bila sauti, polepole, kama alivyofanya kila kitu. Akamgeukia Kiroboto. "Kulipata hilo taya kulikuchukua muda gani?"

"Muda mrefu sana."

"Na hukuchoka?"

"Ningechokaje? Nilikuwa nataka kujua."

Msusi akavuta kiti, akakaa. Mtoto asiyemaliza kuvaa soksi ya pili alikuwa amelikalia jambo moja wiki kwa wiki, akijaribu kiungo hiki na kile, akikumbuka kipi kilishindwa. Ilimuuma na kumpendeza kwa pamoja.

"Kwa utapeli tu ndiyo anatulia," akanung'unika.

"Kwa anachokitaka anatulia," Bwana Taratibu akasema. "Kugawanya hakutaki. Hapo ndipo penye kazi, na mashine peke yake haitaiweza."

Siku hiyo kifungo kimoja kilibandikwa tayani, na tangu hapo aliyebana meno aliangusha ndege. Kiroboto alilalamika kwamba huo ni uonevu. Ndege yake ikarudi kuruka chini chini, ikinusurika kwenye mapaa, lakini sasa ilikuwa inaruka kweli.

Msusi naye akapewa mazoezi yake. Atoe agizo moja kwa wakati mmoja. Alitoe akiwa mbele ya mtoto, si kwa kupaza sauti kutoka chumba kingine. Mtoto akitimiza, asifiwe palepale, tena kwa lile aliloagizwa. Na kabla ya kukalia vitabu aachwe aruke kwanza mpaka atosheke.

Kusikia ni rahisi. Msusi alikuwa mtu wa kuagiza kama mvua ya mawe: oga vaa kula viatu viko wapi mbona unaniangalia. Wifi akajiteua msimamizi. "Moja, wifi!" alikuwa akipiga ukelele kutoka kwenye beseni la kuoshea nywele, kila agizo la pili lilipotaka kuponyoka. Wateja nao wakalidaka neno. Siku moja msusi alimwambia bibi mmoja ainamishe kichwa na afumbe macho, na saluni yote ikaitikia, "Moja!"

Mwalimu akamhamishia Kiroboto mbali na dirisha, akampa kazi ya kugawa madaftari ili apate sababu halali ya kutembea. Vipo vitu vilivyobadilika na vipo vilivyogoma. Viatu viliendelea kupotea. Lakini siku moja alimaliza ukurasa mzima wa hesabu. Majibu mengi hayakuwa sahihi, ila yalikuwepo yote mpaka la mwisho. Safari hii msusi aliapa hatatangaza chochote, akajizuia mpaka mteja wa pili.

Kisha ikawa jioni moja, msusi yuko jikoni, akamwita binti yake, akachuchumaa wakatazamana.

"Niletee ndoo iliyoko uani."

Akasubiri. Huko nje pakasikika vurugu, kitu kikaanguka, pakawa kimya. Mlango ukasukumwa kwa goti, Kiroboto akaingia ameikumbatia ndoo kwa mikono miwili. Ndani ya ndoo mlikuwa na paka. Paka hakuwa wao, tena alikuwa amelowa na hana furaha.

Maneno yote makali ya ukoo wa msusi yalimfika kooni. Akavuta pumzi ndefu.

"Nimekuagiza ndoo, na ndoo umeileta. Vizuri sana, mwanangu."

Kiroboto akatabasamu mpaka masikioni.

"Sasa iweke chini," msusi akasema, akirudi nyuma, kwa sababu paka alikwisha kuweka kucha kwenye ukingo.

"Na paka?"

"Ndoo kwanza."