Vibanio Kumi na Kimoja

Rafu ya majora ya vitambaa ilimwangukia Mama Mkasi kichwani, na karakana nzima inakumbuka alishasema mara tatu kwamba imelegea. Msimamizi akaiita bahati mbaya. Bahati mbaya gani hiyo, inayotolewa taarifa mara tatu?

Mama Mkasi aliporudi kazini mikono ilikuwa ile ile, ila mpangilio wa hatua ulikuwa umeyeyuka kichwani. Makoti matatu mfululizo aliyatia bitana kabla ya mifuko, na bitana ikishaingia, mfuko hauna pa kukaa. Msimamizi akampa siku moja: koti moja zima kufikia saa kumi. Akikosea, cherehani aiache, ashike ufagio.

Wifi yake, wa cherehani ya pili, alicheka mpaka akajifuta machozi. "Wifi, hayo makoti mpe kaka yangu. Tangu azaliwe hajatia mkono mfukoni."

Alipokwisha kucheka akaleta vibanio vya kuanikia nguo. Wakaligawa koti hatua kwa hatua, kila kibanio na uzi wa rangi yake. Vikawa kumi. Mama Mkasi akaongeza cha kumi na moja, uzi mwekundu, asiseme ni cha nini.

Siku yenyewe akavibana kifuani vikajipanga kama nishani. Hatua ikiisha, kibanio mkebeni, ta! Saa saba Msimamizi akamwita amtafutie funguo, makusudi, nani asiyemjua. Aliporudi, kichwa cheupe. Koti likamtazama kama mgeni. Bitana ilikuwa pale mezani, imeshakatwa, inamwita. Mkono ukaifuata.

Akashusha macho kifuani. Uzi wa buluu bado upo. Mifuko! Akaicheka ile bitana, akaisukuma kando.

Saa kumi kasoro robo Msimamizi alilipekua koti mshono kwa mshono. Akazamisha mikono mifukoni, ikaingia yote. Hakupata kosa.

"Haya, cherehani yako unayo," akasema. "Na hicho chenye uzi mwekundu?"

"Hicho ni cha kukuuliza rafu unaikaza lini, bosi. Nilijua nitasahau. Na wewe ulikuwa unangoja nisahau."

Wifi akamletea Msimamizi nyundo, kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

Bosi alipigilia misumari sita, mafundi wakimhesabia kwa sauti huku wamekufa kwa kicheko. Wa sita ulipozama, Mama Mkasi aliitikisa rafu kwanza. Ikatulia. Ndipo akabandua kibanio cha mwisho, akakidondosha mkebeni.

Ta!