Njoo Kesho

Penye njia pana nia. Wahenga walisema kinyume chake, lakini wahenga hawakuwahi kumshonea nguo wifi wa aina hii. Nia alikuwa nazo tele, nia za kujaza daftari, na kweli alikuwa amelijaza: daftari la jalada jekundu, limeandikwa juu MALENGO YANGU kwa wino mzito. Njia ndiyo haikuwa imemwona hata siku moja.

Alilitua juu ya meza ya kukatia, katikati ya chaki na mikasi.

"Soma, wifi yangu. Safari hii sitanii."

Fundi, mke wa kaka yake, alisoma huku pini zikiwa mdomoni. Kuamka saa kumi alfajiri. Kukimbia saa nzima. Kuacha wanga, sukari, chumvi na mafuta. Maji lita nne. Kupungua kilo ishirini. Kuanza: Jumatatu.

Alizitemea pini kiganjani. "Jumatatu ipi?"

"Ijayo."

"Mwaka jana pia ilikuwa ijayo. Na vile viatu vya mazoezi ulivyonunua?"

"Vipo."

"Ndani ya boksi?"

"Visichafuke, jamani!"

Fundi alishusha pumzi, akavua futi shingoni na kumzungushia kiunoni. Lilikuwa gauni la wifi kuvaa kwenye mahafali ya bintiye, miezi mitatu mbele. Inchi arobaini na mbili.

"Andika thelathini na tano," wifi alisema.

"Nani ana thelathini na tano humu ndani?"

"Mimi, siku hiyo."

"Wifi, mimi nashonea mwili. Lengo halivaliwi."

Lakini aliandika, maana kubishana na dada wa mumewe kulikuwa sawa na kumpigia mbuzi gitaa. Kilichomkera si gauni. Wiki iliyopita alimsindikiza kliniki akasikia kwa masikio yake mwenyewe: sukari imepanda, iko ukingoni, haijavuka. Daktari alitoa miezi mitatu na masharti mawili tu. Tembea nusu saa, siku tano kwa wiki. Acha soda. Ikishindikana, ni vidonge. Wifi akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa, akaenda nyumbani kuandika kilo ishirini.

Mama mkwe, aliyemzaa wifi, alikatwa mguu kwa sukari hiyohiyo. Fundi ndiye aliyemshonea magauni marefu ya kuficha pengo. Alishona manne. La tano halikuhitajika. Hakuwa na hamu ya kushona pindo la namna ile tena.

Jumatatu ilifika. Wifi aliamka saa kumi, akakimbia mpaka kona ya pili, akarudi akichechemea. Alishinda na njaa hadi alasiri, na jioni akala kama siafu waliofunguliwa ghala. Jumatano hakuamka. Alhamisi alifungua ukurasa mpya wa daftari na kuandika kilo ishirini na tano, kufidia siku zilizopotea.

Fundi aliposimuliwa hayo kwenye simu, alibana meno mpaka taya likauma.

Sasa, mlangoni kwake palining'inia kibao alichokiandika mwenyewe mwaka aliopata cheti cha ufundi: HAPA HAKUNA NJOO KESHO. Watu walivuka mitaa mitatu kwa ajili ya maneno hayo. Mafundi wengine walikuwa na kesho kumi kwa kila suruali. Yeye akisema Jumamosi, ni Jumamosi. Miaka kumi, hajakosa.

Jumamosi ile gauni liliisha. Alilishona kwa arobaini na mbili, akaacha akiba nene kwenye mishono ya pembeni, akabana kikaratasi cha tarehe kwenye kola, kama afanyavyo kwa kila nguo iliyokamilika. Kisha akalifunika shuka, akalitundika nyuma ya pazia. Wifi alipoingia, fundi alimtazama machoni.

"Bado. Njoo kesho."

"Wewe? Unaniambia mimi njoo kesho?"

"Na uje kwa miguu. Sipimi mwili uliotoka kukaa kwenye pikipiki. Tumbo hujikunja, likaidanganya futi."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipopata cheti. Na hiyo soda iache nje. Ikidondokea kitambaa haitoki."

Kutoka kwa wifi hadi dukani ni nusu saa kwa miguu. Alifika kesho yake akiwa amelowa jasho, akaambiwa vifungo havijapatikana. Kesho kutwa, kola imekaa upande. Kisha mkanda wa cherehani umekatika. Kisha uzi wa rangi ile umeadimika mjini kote. Siku tano kwa wiki wifi alikuja akifoka, akanywa maji akifoka, akaondoka akifoka. Wiki ya nne ndala zilimkata vidole, akavitoa viatu kwenye boksi. Mwanzoni aliingia akihema, akataja kosa moja la fundi na kutafuta kiti. Kufikia wiki ya nane aliyataja yote kwa mfululizo, wima, bila kuvuta pumzi.

"Fundi gani wewe! Kaka yangu alioa cherehani au alioa mdomo?"

"Alioa vyote. Njoo Jumanne."

Maneno hayo hakuyaacha dukani. Aliyatangaza njia nzima, kwenda na kurudi. Asubuhi moja mwalimu mmoja, mteja wa miaka sita, alikuja kuchukua kitambaa chake kabla hakijakatwa.

"Nasikia siku hizi na wewe ni walewale," alisema, bila hata kukaa.

Fundi alimfungia kitambaa kwenye mfuko. Mwalimu alipotoka, alikishusha kibao na kukigeuzia ukutani. Hiyo ilimuuma. Wifi hakuambiwa.

Siku moja kabla ya mahafali, wifi aliingia moja kwa moja kutoka kliniki, karatasi mkononi, uso umekunjamana.

"Imeshuka," alisema. "Vidonge hakuna kwa sasa. Daktari ananiambia endelea na unachofanya. Namwambia, daktari, sifanyi kitu! Daftari lenyewe sijalifungua miezi miwili, nashinda barabarani kwa ajili ya gauni la huyu mwongo!"

Fundi alikaa.

Wifi alivuta pazia akitafuta kioo, shuka ikateleza. Gauni lilikuwa pale, vifungo vyote mahali pake. Alisoma kikaratasi, akahesabu kwa vidole, akahesabu tena.

"Wiki kumi na moja. Limeisha wiki kumi na moja zilizopita! Umenitembeza kama faili la ofisini!"

"Livae nilibane. Umepungua inchi mbili. Zile tano zingine zimo kwenye daftari."

"Nimeuambia mtaa mzima wewe ni mwongo!"

"Basi hukunisingizia."

"Niombe radhi."

"Njoo kesho."

"Sitanii, wifi!"

Fundi alisimama, akaokota futi, akamzungushia kiunoni na kuivuta kuliko ilivyohitajika.

"Na mimi sitanii. Nilikudanganya, nikijua nakudanganya, siku tano kwa wiki. Simama wima. Siombi radhi."