Waliotoka Kidogo

Stumai aliinama, akafuta vumbi kwenye kigoda cha mumewe kwa upindo wa kanga, akakirudisha mahali pake kando ya mlango. Ndipo akamjibu mgeni.

"Yupo. Ametoka kidogo."

"Ameelekea wapi, mama?"

"Si huko huko tu. Wewe umeona wapi mwanamume anashinda nyumbani?"

Zefania alicheka, akaandika kwamba Gaspari, fundi mwashi, yupo. Akashukuru, akaaga, akashika njia ya nyumba ya pili. Huko nako mwenye nyumba alikuwa ametoka kidogo. Na kwa jirani yake hivyo hivyo. Bonde zima la Ilunda lilimjibu kwa sauti moja, na kijana yule akawa anatembea kwa mwendo wa mtu anayekwenda kupokea zawadi.

Bonde lilimzaa, lakini misheni ndiyo iliyomlea. Alichukuliwa na shangazi yake kwenda Kiomboi kabla hajang'oa meno ya utoto, akasoma huko, akapelekwa Tabora, kisha Makerere. Alirudi na suti ya kijivu na elimu ya uchumi, jambo ambalo wazee wa Ilunda walilielewa kuwa ni kusomea umaskini wa watu wengine. Hawakuwa mbali sana na ukweli.

Serikali ya Mwingereza ilikuwa na swali. Baada ya vita kuu ya pili, wanaume wa Iramba walikuwa wakimwagika kila kiangazi kwenda kukata mkonge pwani, na wengi hawakurudi. Mtu mmoja ofisini akapata wazo: wafundishwe uashi na useremala watu wazima wenye wake na mashamba, ili wapate kazi kwao na wasiwe na sababu ya kuhama. Shule ikafunguliwa ukingoni mwa bonde. Kundi la kwanza likahitimu, miaka ikapita, na sasa ilitakiwa ijulikane kama fedha ya umma ilizaa matunda au iliota magugu. Je, ufundi unamfunga mtu nyumbani, au unampa nauli? Hilo ndilo lililomleta Zefania, akiwa msaidizi wa Mzungu mmoja mtafiti ambaye watu walimwita Bwana Hesabu.

"Usiniletee maoni," Bwana Hesabu alimwambia siku ya kwanza, pale bomani Kiomboi. "Maoni yamejaa kila kilabu cha pombe. Niletee majibu ya wenye nyumba."

Akamletea. Mafundi karibu wote wa Ilunda walionekana wapo makwao, ilhali wenzao wasiosoma ufundi, katika mabonde mengine, walikuwa wamekimbilia mkonge. Bwana Hesabu aliisoma taarifa akiwa amesimama, akasahau hata chai yake. Alimpa Zefania mkono. Akamwambia kazi ya namna ile inaweza kumfikisha mtu Uingereza. Taarifa ikapelekwa Dar es Salaam, na jibu likarudi upesi kuliko ilivyo kawaida ya serikali: shule ifunguliwe tena, kundi la pili liwe kubwa kuliko la kwanza.

Katika waliojiandikisha alikuwamo Simeoni, mdogo wake Zefania, tumbo moja. Alikuwa amemwoa Rahabu, binti wa Stumai, mavuno yale yale, na tope la tembe lao jipya lilikuwa halijakauka vizuri.

Zefania alikwenda kuwatembelea. Alimkuta Simeoni uani akichonga mpini wa jembe, na Rahabu ndani akisaga mtama. Kaka mtu alikunja suruali yake magotini isichafuke, akakaa juu ya gogo, akaanza kusimulia habari za taarifa yake. Simeoni alisikiliza, huku vipande vya mti vikiruka.

"Kaka," alisema hatimaye, "wewe umesoma mpaka vitabu vimekukimbia. Hebu nieleze mimi mjinga. Mafundi wote hao wapo, mbona bonde zima halina ukuta hata mmoja wa matofali? Wanajenga hewani?"

"Labda wanajenga Kiomboi. Au Kinampanda."

"Umewaona?"

"Wake zao wameniambia..."

"Wake zao!" Simeoni aliangua kicheko, shoka likamtoka mkononi. "Umeandika mizimu, kaka! Mwanamke wa Ilunda akwambie mumewe hayupo? Siku akitamka hivyo kwa kinywa chake, ndiyo amemzika. Anazima moto, ananyolewa, kigoda kinageuzwa miguu juu. Hata mtu awe amepotea tangu enzi ya Mjerumani, yeye ametoka kidogo. Huko kwenu misheni mlikuwa mnafundishwa nini?"

Ndani, jiwe la kusagia lilisimama.

"Baba yupo," alisema Rahabu. Hakutokeza nje.

Simeoni aliinama akaokota shoka lake. Kicheko kilikuwa kimemwisha usoni. "Ndiyo," alijibu polepole. "Yupo. Nani kasema hayupo?"

Jiwe likaanza tena kusaga.

Zefania alikaa kama mtu aliyemwagiwa maji. Alikumbuka vigoda. Katika kila ua alikiona kigoda kikavu kilichofutwa vumbi, na hakuna hata kimoja alichoona mtu amekikalia. Alikuwa amejifunza namna ya kulinganisha kundi na kundi, namna ya kuchagua mtu mmoja awakilishe wengi, namna ya kujihadhari na mwenye kutia chumvi. Hakufundishwa habari ya mwanamke ambaye jibu lake ndilo linalomweka mtu hai.

"Walikwenda wapi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Siku ile ya kuhitimu, malori ya wakandarasi yalikuwa yamekwisha kupangwa nje ya lango. Fundi mwenye cheti, nani amwache akajenge zizi la mbuzi? Walipanda wakiimba. Wengine wanasema walifika Tanga, wengine wanasema Mombasa. Wako wanaosema kulikuwa na ugonjwa kambini. Barua haijaja."

"Na wewe umejiandikisha."

"Mimi nitarudi."

"Gaspari alisemaje?"

Simeoni alimtazama kaka yake kuanzia kwenye viatu mpaka kwenye tai. "Sikiliza, kaka. Wewe ulitoka, ukapata hiyo suti, hakuna aliyekuandikia taarifa. Mlango uliopitia wewe usije ukanifungia mimi."

Zefania alikunjua suruali yake, akasimama. Aliondoka bila kumuaga shemeji yake.

Bwana Hesabu hakuwa mtu mbaya. Hili liwekwe wazi, kwa sababu ni rahisi kumtupia Mzungu kila kitu na kwenda kulala. Alimsikiliza Zefania mpaka mwisho, akakaa kitako, akavua miwani akajisugua macho.

"Unaniambia majibu uliyokusanya kwa mkono wako si kweli."

"Si kweli, Bwana."

"Nani amekwambia?"

"Mdogo wangu."

"Ambaye ameorodheshwa kwenda shule, na ambaye wewe hutaki aende." Alisema taratibu, bila kejeli. "Fedha zimeidhinishwa, Zefania. Lori la kuwapeleka shuleni linakuja juma lijalo. Nikiandika Dar es Salaam kwamba tulikosea, wataniuliza nimejuaje. Niwaambie nini? Jibu la mwenye nyumba haliwezi kufutwa na maneno ya mtu wa pembeni. Niletee majibu yao wenyewe. Wakisema waume zao hawapo, nitalisimamisha lori, hata wakinirudisha kwetu."

Watu waliomjua Zefania miaka ya baadaye, akiwa mtaalamu mwenye ofisi na makarani, walimshangaa kwa jambo moja. Hakupeleka maswali mahali ambapo hajalala na kula kwanza. Vijana walimwona mvivu, kwamba anatafuta ugali wa bure vijijini. Hakuwaeleza.

Safari ile ya kurudi Ilunda aliikumbuka vibaya maisha yake yote. Jua lilikuwa kali, nyika ya Wembere imetanda huko chini kama ngozi iliyoanikwa, na njia nzima alikuwa akipanga maneno na kuyapangua. Alikuwa anakwenda kumwomba mwanamke amuue mume wake.

Stumai alikuwa shambani akipalia karanga. Alipomwona alijinyoosha, mkono kiunoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umerudi? Umesahau swali?"

"Nimekosea swali."

Akamweleza. Hakuzunguka, maana kila njia ya kuzunguka aliyoipanga ilikuwa imempotea. Alimweleza juu ya taarifa, juu ya kundi la pili, juu ya lori. Stumai alisikiliza huku akichambua magugu kutoka kwenye ulimi wa jembe, moja moja, mpaka jembe likawa safi, na bado akaendelea kulichambua.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyewafungulia shule," alisema.

"Hapana, mama. Ni mimi."

"Mimi nilisema, wewe ukaandika. Usijipe yote." Alitema mate kando. "Na sasa unataka nifungue kinywa nimuue Gaspari, ili Simeoni abaki."

"Sina njia nyingine. Mimi nikisema, haisikilizwi."

"Ona basi. Msomi haaminiki mpaka mjinga aseme." Aliligeuza jembe akalitazama upande wa pili. "Unamjua Gaspari wewe? Humjui, ulikuwa huko kwa wazungu. Alikuwa anakoroma kama fahali. Nilikuwa namgombeza, nampiga kiwiko. Siku hizi nikilala nageukia ukutani, namwachia nafasi. Kila siku namwachia. Mtu aliyekufa haachiwi nafasi, baba. Ukishasema, unalala katikati."

Zefania aliinama, akang'oa gugu moja.

"Huenda yuko hai," Stumai aliendelea. "Umewaza hilo? Huenda sasa hivi yuko juu ya ukuta wa mtu, anatia tope, anapiga mluzi. Nikimsema, nitakuwa nimemwua mtu anayepiga mluzi."

"Nimewaza, mama. Kama hutaki, nitarudi zangu. Sitakulaumu."

Upepo ulipita juu ya majani ya karanga. Kutoka upande wa makazi ilisikika sauti ya mwanamke kijana akiita mbuzi, sauti nyembamba yenye furaha kidogo, na wote wawili waliitambua. Rahabu alikuwa akimwita mbuzi wa mahari yake kwa jina alilombandika mwenyewe. Stumai aligeuza shingo akaisikiliza mpaka ikaisha.

"Anacho kigoda chake?" aliuliza. "Simeoni. Amekwisha kuchonga kigoda?"

"Sijakiona. Nilimkuta anachonga mpini."

"Hajachonga bado. Rahabu hana cha kufuta vumbi." Alitikisa kichwa, kama mtu anayekubaliana na mwingine asiyeonekana. Akaliweka jembe chini. Akajifunga kanga upya, akaikaza, akasimama wima mbele ya Zefania kama anayesimama mbele ya hakimu. "Uliza tena. Uliza kama ulivyouliza siku ile."

Zefania alitoa karatasi na kalamu, akauliza.

"Mama, mumeo yupo?"

"Gaspari hayupo," alisema Stumai. "Andika."

Aliandika, kalamu ikichana karatasi. Alipoinua macho, Stumai alikuwa amekwisha kukaa chini katikati ya matuta, miguu ameinyoosha mbele, na kilio kilichomtoka hakikuwa kikubwa. Kilikuwa kama mlango mzito unaofunguliwa na mtu mmoja.

Habari ilikwenda yenyewe. Wanawake waliposikia mtu mzima kama Stumai amesema, nao wakasema, mmoja leo, mwingine kesho, na Zefania akapita nyumba kwa nyumba akipokea vifo. Mioto ilizimwa. Watoto walitumwa mbali kuomba makaa, kwa sababu jirani naye hakuwa nayo. Bwana Hesabu alitimiza neno lake, na lori halikuja. Simeoni alibaki. Alilima, alikula, alilala nyumbani kwake, na kaka yake alipopita njiani alikuwa akigeukia upande wa pili kutazama ng'ombe.

Siku ya kilio cha Gaspari watu waliujaza ua. Zefania alivua koti, akakaa chini pamoja na wanaume. Stumai alikuwa amenyolewa, kichwa chake kidogo kuliko mtu alivyodhani, na Rahabu amemwegemea ubavuni. Anastazia, bibi aliyejua kuanzisha nyimbo za msiba, alisimama katikati ya wanawake akautoa wimbo. Unaanza na jina la marehemu, kisha jina la baba yake, kisha ng'ombe aliowapenda, na wengine wanapokea. Wimbo ulikwenda vizuri, na miguu ikaanza kupiga chini.

Kisha Anastazia akainua mkono. Wanawake wakanyamaza. Akageuka akatafuta kwa macho kwenye safu za wanaume mpaka akampata Zefania.

"Baba," alisema, "hapa ndipo tunapotaja mahali alipoangukia, ili ardhi ya huko isikie na impokee. Hatuna jina. Wewe uliyesoma, unayajua majina ya mahali. Alifia wapi?"

Ua mzima uligeuka. Hata Simeoni aligeuka, mara ya kwanza tangu siku ile ya mpini. Stumai aliinua kichwa chake kilichonyolewa akamngoja, na machoni mwake hapakuwa na lawama, ila kungoja tu.

Zefania alikuwa anayajua majina. Mashamba yote ya mkonge alikuwa ameyakariri, na stesheni zote za reli, na bandari. Angeweza kuchagua lolote, na wangemshukuru, na wimbo ungeendelea.

"Sijui, bibi," alisema.

Anastazia alimtazama kidogo. Kisha akawageukia wenzake, akashusha mkono, na wimbo ukaanza tena: jina, na baba, na ng'ombe. Ulipofika mahali pale wanawake wote walifunga vinywa pamoja, miguu ikasimama, na katika kimya hicho walisikika mbuzi tu, na mtoto akikohoa ndani ya tembe. Halafu waliupokea wimbo mbele ya pengo lile, wakaendelea. Walizunguka tena na tena mpaka jua likashuka ukingoni mwa bonde, na kila walipofika hapo, walipaacha wazi.