Sentensi ya Herenia

Bwana Herenius aliniahidi hivi: binti yake akijibu vizuri mbele ya wageni, asubuhi ananipeleka kwa hakimu niachwe huru, nisiwe mtumwa tena. Basi nilisimama nyuma ya makochi ya wageni waliokuwa wakila, birika la maji mkononi.

Herenia ana miaka kumi na kichwa chepesi. Nimemfundisha tangu hajang'oa meno ya utoto. Lakini mgeni mkuu, Pakonius, ni mtu wa kupenda kuumbua watoto wa wenzake.

"Haya, mama," akasema huku akitafuna zeituni. "Lampas. Mwenge. Neno hilo tumelitoa wapi?"

Katika maneno yote ya Kilatini, amechagua hilo lenye mikia miwili, wa Kirumi na wa Kigiriki!

"Kwa Wagiriki," akajibu Herenia. "Kwao linatokana na kung'aa. Tumelikopa pamoja na mwendo wake wa kubadilika mwishoni. Mwenge ni lampas, wa mwenge ni lampadis."

"Na ukiushika, utasemaje?"



"Kirumi, nashika lampadem. Washairi hupenda lampada, kama Wagiriki, na hawakosei."

Pakonius akacheka. "Huyu atatufunga midomo! Haya, nitungie sentensi tumalize."

Tayari nilijiona na kofia anayovishwa mtumwa akiachwa huru. Sentensi tuliyoifanyia mazoezi ni moja tu: mtumwa amebeba mwenge. Herenia akanitazama mimi, si baba yake.

"Mwenge umeteketeza nyumba."

Kutaja moto wa nyumba watu wakila! Kwa Warumi, nuksi hiyo hata mtoto mchanga anaijua. Herenius akaninyang'anya birika, akamwaga maji yote chini ya meza kuondoa mkosi.

"Kesho hakuna kwenda popote," akasema. "Zopiro, pangusa hapo. Habari za hakimu tutazizungumza mwakani, tukijaliwa."

Mwakani! Nikapiga magoti, nikapangusa, na machozi yakanitoka bila kujizuia. Herenia akainama kama anayeokota kitambaa chake.

"Mwalimu, usilie," akaninong'oneza. "Ungeachwa huru ungerudi kwenu. Sasa utabaki na mimi. Umefurahi?"

Nilimchukia siku ile, mtoto niliyempenda kuliko wote nyumbani mle.

"Ndiyo, bibi mdogo," nikasema, maana mtumwa hana jibu jingine.