Kituo Safi cha Taka

Kamati ya kupanga kituo cha kuhamishia taka ilikaa mara kumi na moja. Vikao sita vya mwanzo vilijadili jina, viwili vikajadili rangi ya geti, na kimoja kiliahirishwa kwa sababu chai ilichelewa. Viwili vilivyobaki vilipitisha mchoro. Taka zenyewe zilijadiliwa kwa muda usiozidi saa tatu, tena na watu ambao hawajawahi kubeba ndoo ya taka kutoka jikoni mpaka uani.

Msimamizi wa kituo hakuwamo kwenye kamati. Kabla ya kuajiriwa wilayani alikuwa mwalimu wa hisabati, na madereva walimpa jina la Mama Mizani, kwa kuwa hakuamini uzito wa kitu chochote mpaka kipimwe mbele yake. Kazi ya kituo aliieleza kwa maneno machache. Magari madogo yanaleta taka za wilaya nzima, yanapimwa, yanapanda juu na kumwaga kwenye sakafu ya zege. Hapo taka zinapaswa kuchambuliwa, kisha zinasukumwa ziangukie kwenye trela lililosimama chini. Trela likijaa linafunikwa wavu na kwenda dampo la mkoa, kilomita tisini. Kinachoingia leo kitoke leo.

Mchoro wa kwanza ulikuwa na banda la kuchambulia, kando ya sakafu. Kwenye kikao cha kumi mjumbe mmoja aliuliza wageni watakaa wapi. Banda likageuka Ukumbi wa Wageni: ukuta wa kioo, kiyoyozi, viti kumi na viwili vya kuzunguka, na mandhari ya taka zikimwagwa hatua nane kutoka puani. Tangu ufunguliwe, hakuna mgeni aliyewahi kukaa humo.

Kibali cha kituo kilikuwa cha majaribio, nacho kilikuwa kinaisha. Mkaguzi wa mazingira angekuja Alhamisi. Akiridhika, kituo kingeendelea. Asiporidhika, trela, ambalo lilikuwa la kuazima, lingekwenda wilaya ya jirani, na taka zingerudi kwenye shimo la zamani. Shimo hilo lilikuwa limeungua mfululizo kwa miaka kumi na sita, mita arobaini kutoka nyumba ya shangazi yake Mama Mizani.

Shangazi ndiye aliyemlea. Kifua chake kililia kama bawaba isiyotiwa mafuta, na daktari alishamwambia waziwazi: moshi uondoke au wewe uondoke. Shangazi alimjibu kwamba mtu haliachi shamba lake. Kwa maana shimo ndilo lililomlisha. Alikuwa mkuu wa waokotaji ishirini na wawili waliochambua humo chupa, vyuma na plastiki.

Jumatatu ya wiki ya ukaguzi, Mkurugenzi wa wilaya alifika kituoni na leso puani.

"Mama, hapa pananuka."

"Ni taka, bosi."

"Najua ni taka! Mkaguzi akikuta hali hii tutaumbuka. Kuanzia leo gari la taka lisiingie hapa mpaka ukaguzi upite. Osheni sakafu, pakeni rangi. Na pale kwenye kona wekeni maua."

"Lakini mkaguzi anakuja kutuona tukifanya kazi."

"Anakuja kuona usafi. Au umeshasahau kwamba mimi si mwanafunzi wako?"

Mama Mizani alimwandikia barua ya kurasa mbili kumshauri vinginevyo. Jibu lililetwa kwa mdomo na katibu muhtasi: bosi amesema maua yawe mekundu.

Basi kwa siku tatu magari yaligeuzwa getini. Taka hazikuwa na habari ya ukaguzi, ziliendelea kuzaliwa kila nyumba kama kawaida, na madereva wakazipeleka walikozoea.

Alhamisi, saa tatu asubuhi, mkaguzi alishuka kwenye gari. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye buti za mpira na kalamu iliyoning'inia shingoni kwa kamba. Aliinama, akapitisha kidole sakafuni, akakitazama.

"Huwa mnalala humu?"

Mkurugenzi akacheka, akidhani amesifiwa. "Usafi ndio kipaumbele chetu, mheshimiwa."

"Nimekuja kukagua kituo cha taka, hapa naona wodi ya wazazi. Kanuni inataka nione trela moja likijazwa na kuondoka. Taka ziko wapi?"

"Ziko njiani."

"Tangu lini?"

Mkurugenzi akamgeukia Mama Mizani kwa jicho la mtu anayezama ambaye bado anatafuta wa kumlaumu kwa maji.

"Nina muda mpaka saa kumi," mkaguzi alisema. "Nisipoona trela likitoka, naandika kwamba kituo hakifanyi kazi. Nitasubiri kwenye gari. Huo ukumbi wenu unanuka rangi."

Mama Mizani hakungoja kuagizwa. Alichukua magari manne akaenda shimoni.

Shangazi alikuwa ameketi juu ya kopo la rangi lililopinduliwa. Nyuma yake taka za siku tatu zilikuwa zimeshachambuliwa, na mabaki yakakusanywa lundo moja, yakisubiri kiberiti.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunijulia hali au ni kazi? Maana umevaa ile sura yako ya siku ya mtihani."

"Nimekuja kuchukua taka."

Waokotaji waliangua kicheko. Mmoja alilazimika kushikilia reki yake asianguke.

"Hebu rudia, wa nyuma hawakusikia," Shangazi alisema. "Mmezileta wenyewe, mkazimwaga wenyewe. Taka si mke, umwache Jumatatu umrudie Alhamisi!"

"Nisipozipata leo kituo kinafungwa. Na moshi huu utakuzika."

"Na nikikupa? Kituo kitapona, shimo litafukiwa, nami nitakaa navuta pumzi nzuri na njaa yangu. Hewa safi haipikiki chunguni, mwanangu."

"Unataka nini?"

"Wenzangu hawa waingie huko kwenu. Kazi hii hii, ila chini ya paa. Si mna kile chumba cha kioo kisicho na mtu?"

"Kile ni ukumbi wa wageni."

"Mgeni gani huyo anayefunga safari kutazama maganda?"

Mama Mizani hakuwa na mamlaka ya kugawa ukumbi. Alichokuwa nacho ni ukweli mmoja: kibali cha majaribio kilitolewa kwa mchoro wa kwanza, ule wenye banda. Mkaguzi akiuona, angeweza kuamuru ukumbi urudi kuwa banda. Angeweza pia kukifunga kituo papo hapo kwa kujenga kisichoidhinishwa, na msimamizi akafukuzwa kabla ya chakula cha mchana. Hakuwa na njia ya kupima lipi lina uzito zaidi, na hilo lilimkera kuliko hatari yenyewe.

"Siwezi kukuahidi chumba," alisema. "Naweza kukuahidi kwamba mkaguzi atauona mchoro wa kwanza."

"Mbele ya bosi wako?"

"Mbele yake."

Shangazi alikohoa kwa muda mrefu, akajifuta macho, akasimama.

"Huyu tangu mdogo hajui uongo," aliwaambia wenzake. "Alikuwa akivunja kikombe anakuja kujichongea mwenyewe, na vipande mkononi. Haya, pakieni!"

Magari manne yalifanya safari tatu tatu, na waokotaji wakaja na safari ya mwisho. Saa tisa na robo trela lilijaa: tani kumi na moja na nusu. Mkaguzi alipanda ngazi, akachokoa taka kwa fimbo huku na huku.

"Sioni chupa humu. Wala kopo. Nani amechambua?"

"Huo ni mfumo wetu wa kisasa," Mkurugenzi aliwahi.

"Uko wapi?"

"Ni mfumo... jumuishi."

"Mfumo ni wale pale," Mama Mizani alisema, akinyoosha kidole kwa watu ishirini na wawili waliokaa kwenye kivuli cha ukuta. "Taka hizi tulizikataa getini kwa siku tatu ili sakafu ing'ae. Zikaenda shimoni, wao wakazichambua. Sisi hatuna pa kuchambulia. Tulikuwa napo kwenye mchoro." Akaukunjua.

"Mama! Hayo ni mambo ya ndani!"

"Muhuri huu ni wangu," mkaguzi alisema. Aliutazama mchoro, akautazama ukumbi, akaenda kusimama mbele ya kioo akahesabu viti. Kisha akaandika kwa muda mrefu hivi kwamba Mkurugenzi alianza kung'oa maua yaliyonyauka bila kujijua.

Kibali kilitoka, lakini cha mwaka mmoja, na chenye masharti. Ukumbi urudi kuwa banda ndani ya siku thelathini. Waokotaji waandikishwe kazi. Shimo lizimwe na kufukiwa. Gari lenye taka lisikataliwe getini kwa sababu yoyote ile.

"Na viti?" Mkurugenzi aliuliza.

"Viti ni vyenu."

Trela liliondoka saa kumi kasoro dakika saba.

Mwezi ulipoisha, kioo kilikuwa kimeng'olewa na Shangazi alikuwa ndani ya banda, na buti zilizomzidi miguu. Bado alikohoa, ila sasa aliweza kumaliza sentensi kwanza. Mama Mizani alimkuta hapo, akamsomea bahasha iliyotoka wilayani siku hiyo. Ilikuwa na barua mbili, saini moja. Ya kwanza ilimpongeza kwa kutekeleza maono ya Mkurugenzi ya kuwashirikisha waokotaji. Ya pili ilimpa onyo kali kwa kutoa nje nyaraka za ofisi.

"Wamekusifu na kukukaripia kwenye bahasha moja?"

"Ndiyo, shangazi."

"Angalau wamepunguza taka," Shangazi alisema. Akampokonya ile bahasha, akachana kidirisha chake cha plastiki, akatupa plastiki kwenye plastiki na karatasi kwenye karatasi.